Nguzo tisa zisizogusa udongo

Ghala la mahindi la babu lilisimama juu ya nguzo sita za mkaratusi zilizofukiwa ardhini. Nilipokwenda kulibomoa, zote zilikatika mahali pamoja, usawa wa ardhi. Kipande kilichokuwa chini kabisa kilikuwa bado kigumu, na cha juu hali kadhalika. Pale tu udongo unapokutana na hewa ndipo kidole kilipozama kama kwenye muhogo uliooza. Nilikuwa nimepanga kujenga kijumba cha mbao papo hapo, na siku ile ile nikaapa kwamba nguzo zangu hazitagusa udongo.

Kiwanja kiko juu ya mji wa Lushoto, upande wa kuelekea msitu wa Magamba. Ukidondosha chungwa pale, utaliokotea kwa jirani. Msingi wa kawaida wa mawe ungenilazimu kuchonga mlima, kisha kujenga ukuta wa kuuzuia usinirudie wakati wa masika. Kwa chumba kimoja na baraza, mita 4.8 kwa 3.6, hesabu hiyo haikuingia akilini. Nikachora visiki tisa vya zege, mistari mitatu ya vitatu vitatu, kila kisiki kibebe nguzo moja ya inchi 4 kwa 4, na kati ya mti na zege kiwepo chuma cha kuushika mti.

Chuma hicho nilikitafuta maduka matatu ya vifaa vya ujenzi. Wote walinitazama kama niliyeulizia kwato za samaki. Basi nikakichora juu ya kipande cha boksi na kukipeleka kwa kijana wa kuchomelea: bamba la milimita 6 chini, la mraba wa sentimita 10, mashavu mawili ya sentimita 15 yaliyotobolewa matundu mawili mawili ya bolti za milimita 12, na chini ya bamba miguu miwili ya nondo yenye urefu wa sentimita 35, iliyopindwa ncha ili isichomoke kwenye zege. Katikati ya bamba nilimwomba atoboe tundu moja la kutolea maji. Akaniuliza, "Kaka, hivi vinaitwaje?" Nikamwambia viatu. Jina likabaki hilo.

Vipimo vya ndani nilimpa milimita 100 kamili, maana inchi 4 ni kama milimita 100. Kauli hiyo mtaikuta tena mbele.

Kupima kiwanja kulikuwa rahisi, na hapa nilijisaidia mapema. Mita 3.6 na 4.8 sikuzichagua kwa mapenzi tu. Ni ile tatu-nne-tano ya mafundi, yaani pembetatu ya pande 3, 4 na 5 ambayo lazima iwe na pembe mraba, iliyozidishwa kwa 1.2, kwa hiyo mshazari unatoka mita 6 kamili bila kikokotoo. Mishazari yote miwili ikisoma 6, pembe zako ni mraba. Kwenye mteremko kuna mtego: kamba lazima ilale mlalo hewani. Ukiifuata ardhi, unapima mlima. Vigingi vya kufungia kamba tulivipiga mita moja nje ya mashimo, tusije tukavichimba pamoja na udongo.

Mashimo yalikwenda chini sentimita 70, upana 40, hadi tulipofika udongo mgumu usiopokea sururu kwa hiari. Juu ya ardhi, kulishikilia zege, tulitumia ndoo za rangi za lita 20 zilizokatwa kitako, zikapasuliwa ubavuni na kufungwa waya ili zivulike baadaye, na ndani zikapakwa oili chafu. Kila kisiki kilipata nondo nne za milimita 10 zilizofungwa ringi.

Mjomba wangu ni mwashi wa miaka mingi, na kazi ya zege niliiweka mikononi mwake. Kipimo chake ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Maji anayaogopa kuliko mvua. "Mpwa, zege liwe kama ugali unaoanza kushikana," alisema. "Ukilifanya uji, umelipia saruji ukanunua mchanga." Hilo halina mjadala.

Tulipotofautiana ni kwenye viatu. Mjomba alitaka tumwage kwanza, kisha tuvichomeke viatu zege likiwa bichi, kama anavyochomeka vyuma vya kushikia fremu za madirisha. Mimi nilikuwa na wasiwasi, lakini mjomba ni mjomba. Nikanyamaza. Tukamwaga visiki vitatu vya mstari wa juu jioni hiyo, akavichomeka viatu, akavipima kwa pima maji, vikakaa vizuri kabisa. Tukaenda kula.

Asubuhi nikakuta kiatu cha kwanza kimejipinda, mashavu yake yanatazama bondeni huku wenzake wakitazama njiani. Cha pili kilikuwa kimezama hadi bamba limelala juu ya zege, na ile nafasi ya sentimita 3 niliyoitaka ili mti upumue imekwisha. Cha tatu kilikuwa nje ya mstari kwa nusu sentimita. Hakuna aliyekigusa hata kimoja. Zege bichi hutua lenyewe: kokoto hushuka, maji hupanda juu, na chuma kizito kisicho na wa kukishika hufuata. Cha fremu ya dirisha kinashikwa na fremu. Hiki hakikushikwa na kitu.

Mjomba alivitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kuchukua tindo na nyundo bila kusema neno. Tulivunja viwili. Cha tatu tulikisamehe.

Namna iliyotufaa ni kukining'iniza kiatu kutoka juu kabla ya tone la zege kuingia. Tulipiga vigingi viwili imara kila upande wa shimo, tukalaza ubao juu yake ukivuka katikati ya ndoo. Ubao usiegemee ndoo hata kidogo, maana ukishindilia zege ndoo inacheza, na kila kilichoiegemea kinacheza nayo. Ndani ya kiatu tukabana kipande kifupi cha mti kwa bolti zile zile za nguzo, na kipande hicho tukakipigilia misumari kwenye ubao. Sasa kiatu kinaning'inia hewani, miguu yake ya nondo ikielekea shimoni. Unakisogeza mpaka shavu lake liikaribie kamba bila kuisukuma. Tuliacha nafasi ya unene wa msumari, kwa sababu chuma kikiigusa kamba kinaipinda na wewe hujui. Unaweka pima maji juu ya bamba, mara moja kwa urefu na mara moja kwa upana. Ndipo unamwaga.

Zege tuliliingiza kwa karai, kidogo kidogo, pande zote kwa zamu. Ukilimwaga upande mmoja linasukuma miguu ya kiatu upande wa pili. Tulichokoa kwa kipande cha nondo mpaka mapovu yakaisha, hasa chini ya bamba ambako mkono haufiki. Uso wa kisiki mjomba aliusawazisha kwa mwiko akiuteremsha kidogo kuelekea nje, ili mvua isipate pa kukaa. Kisha tukaangalia kamba tena, na tena baada ya nusu saa. Ubao haukuguswa hadi kesho yake.

Kitu kimoja kilinipunguzia kichwa kuuma: si lazima visiki vyote viwe na kimo kimoja. Nilianza kwa kuhangaika kuvilinganisha, vya juu na vya bondeni, hadi mjomba akaniuliza nguzo kazi yake nini. Kila bamba lilale mlalo na likae kwenye mstari wake. Urefu unarekebishwa kwa msumeno. Nguzo zilipokwisha kusimama tulichukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, tukaujaza maji, tukahamisha alama moja kutoka nguzo ya juu hadi zote nyingine, tukakata. Hakikisha mpira hauna povu la hewa. Sisi lilituzungusha saa nzima, tukidhani mlima umehama.

Mifuko saba ya saruji niliyonunua ilikuwa nane mwisho wa siku, kwa ajili ya vile viwili tulivyovunja. Visiki tulivifunika magunia na kuyamwagia maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Ilikuwa Februari, jua kali mchana. Zege hupewa siku 28 kufikia nguvu yake inayohesabiwa, lakini nguzo tupu tulianza kuzisimamisha siku ya kumi na mbili. Uzito wa sakafu na bati ulikuja baadaye.

Na hapo ndipo milimita 100 zangu ziliponirudia. Kile kipande cha kubania kilikuwa cha mbao ya zamani iliyopigwa randa, kikaingia kiatuni kama mguu kwenye ndala. Nguzo mpya za paini zilizotiwa dawa zilikuja zikiwa zimetoka msumenoni, hazijui randa, bado na unyevu. Nikapima: 103, 105, nyingine 106. Hakuna hata moja iliyoingia. Kijana aliyenisaidia alikwisha shika nyundo kubwa ili azishindilie. Nikamzuia, maana mti unaoingizwa kwa nguvu kwenye chuma hupasuka pale pale zinapopita bolti. Tukachonga miguu ya nguzo kwa randa, moja baada ya nyingine, siku nzima. Kibaya zaidi, dawa haifiki hadi moyo wa mti, kwa hiyo kila tulipochonga au kukata tulikuwa tunafungua mlango. Ilibidi tupake dawa upya kwa brashi kila palipofunguliwa, hasa kwenye kikonyo cha chini ambacho hunyonya maji kama sifongo. Ningesubiri nguzo zifike, nikapima iliyo nene kuliko zote, ndipo nimpelekee kijana wa kuchomelea mchoro.

Viatu vyenyewe vilikuwa chuma cheusi. Nilivipiga msasa na kuvipaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili kabla ya kufunga, nikarudia mahali spana ilipokwaruza.

Tulipokaza bolti ya mwisho nilisukuma nguzo ya pembeni kwa bega. Ikayumba. Moyo ukanilipuka, nikadhani zege limeachia. Kisiki kilikuwa kimetulia tuli. Kilichocheza ni mti ndani ya kiatu. Kiatu cha namna hii kinazuia nguzo isihame wala isinyanyuliwe na upepo, lakini kuisimamisha wima peke yake hakiwezi, kwa sababu mashavu ni mafupi na nguzo ni ndefu. Tukapiga mbao za mshazari kati ya nguzo, pande zote mbili za jengo, na nguzo ndefu za bondeni zikapata mbili mbili zilizopishana kama mkasi. Baada ya hapo nilisukuma hadi bega likauma.

Mwishoni mwa Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, niliingia uvunguni na tochi. Zege lilikuwa limelowa, vikonyo vya nguzo vikavu. Kwenye kisiki cha pembe ya bondeni mchwa walikuwa wamejenga kinjia chao cha udongo, chembamba kama penseli, kimepanda zege lote na kuanza kuukwea mguu wa chuma. Kilikuwa kimebakiza upana wa kidole kufika kwenye mti. Nikakikwangua kwa kisu, nikatoka kwenda kukata majani yaliyokuwa yameegemea kisiki.