Siku Moja Maishani Mwangu: Mwanagenzi wa Sheria Mombasa

Saa 12 asubuhi. Feri ya Likoni imejaa, nami naisoma orodha ya kesi za leo kwenye simu. Nafanya uanagenzi wa miezi 6 katika kampuni ya mawakili ambayo wateja wake wengi ni serikali za kaunti na kampuni za maji za hapa Pwani. Sijaapishwa bado, kwa hiyo mahakamani sisemi. Nabeba faili, nasikiliza, naandika.

Saa 3. Kesi ya ardhi inatajwa kwa njia ya video. Dakika chache tu zinatosha: jaji anatoa tarehe, nami nainakili kwenye shajara ya ofisi na kwenye jalada la faili. Tarehe ikipotea, mteja anaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa, na fidia itatoka kwenye kodi za watu.

Saa 4. Sasa kazi kubwa. Kaunti moja ilitangaza zabuni ya kuchimba visima, na kampuni iliyoshindwa imelalamika kwa bodi ya kitaifa inayosikiliza malalamishi ya zabuni za umma. Mlalamishi ana siku 14 za kuwasilisha malalamishi, kaunti ina siku 5 za kujibu, na bodi lazima iamue ndani ya siku 21. Muda wote huo mkataba hauruhusiwi kutiwa saini. Ndiyo maana chumba chetu cha mikutano kimetapakaa karatasi tangu juzi.

Wakili anayenilea ameniachia ripoti ya tathmini. "Usiniambie nani alistahili kushinda," ameniambia. "Niambie walifuata masharti waliyoyaandika wenyewe?" Nimeweka tangazo la zabuni kushoto, ripoti kulia, na rula chini ya kila sharti. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inataka tathmini iishe ndani ya siku 30, kwa hiyo naanza na tarehe. Kisha saini za wanakamati. Kisha namba za kurasa, maana mzabuni anatakiwa kuzipa namba kurasa zote za zabuni yake, na wapo walioenguliwa kwa hilo peke yake. Zabuni ya mlalamishi ina namba hadi ukurasa wa mwisho wa hesabu za fedha, kisha vyeti vya mashine vimebandikwa nyuma bila namba yoyote. Nachukua kibandiko cha njano, naandika, naendelea.

Naipenda kazi hii kwa dhati. Kwenye karatasi ni vigezo na alama, lakini ibara ya 227 ya Katiba, inayodai ununuzi wa haki, wa wazi na wenye ushindani, inamgusa mama anayenunua maji kwa mtungi kijijini kuliko ibara nyingi zinazotajwa kwenye mikutano ya siasa.

Saa 8. Mkuu wa ununuzi wa kaunti yenye zabuni ya visima amefika kuapa kwamba hati yake ya ushahidi ni ya kweli. Hawezi kuapa mbele ya mawakili wetu, kwa kuwa ndio wanaoitetea kaunti, basi nampeleka kwa kamishna wa viapo, mtu aliyeidhinishwa kuapisha watu, jengo la pili. Kamishna anasoma, anamuuliza kama yaliyomo ni kweli, kisha anagonga muhuri kwenye kila kiambatisho.

Saa 9 na nusu. Ofisi ya wakili wa kaunti nyingine imeuliza kama inaweza kuendelea kuchelewesha malipo ya mtu aliyeshinda kesi dhidi yake. Kisheria mali ya serikali haikamatwi na madalali. Mshindi lazima apate cheti cha amri ya mahakama, kisha arudi tena mahakamani kuomba afisa husika alazimishwe kulipa. Njia ni ndefu na wengi huichokea. Rasimu yangu inasema hivyo, halafu inasema wazi: deni hili haliondoki, riba inapanda, liwekeni kwenye bajeti ya ziada mlilipe. Nilidhani Wakili angekifuta kifungu hicho. Amekiacha, akaongeza sentensi moja kwa kalamu nyekundu: "Huu ndio ushauri wetu rasmi." Watu huuliza kwa nini kaunti zenye mawakili wao, na sheria ya mwaka 2020 inayoiunda ofisi ya wakili wa kaunti, bado zinaajiri wa nje. Swali ni la haki kabisa. Kwangu mimi, ada yetu inahalalika tunapoiambia kaunti jambo isilotaka kulisikia.

Saa 11. Nanakili, natoboa, nafunga juzuu. Kila ukurasa una namba sasa, wa kwetu na wa kwao.

Saa 12 na robo jioni Wakili anapitia faharasa kwa mara ya mwisho na kuniuliza kuhusu vile vyeti vya mashine: je, wazabuni wengine nao walikaguliwa namba za kurasa, au ni huyu tu? Ripoti haisemi. Kesho saa 2 nitakuwa kwenye matatu kuelekea makao makuu ya kaunti, kuzifungua zabuni zote moja baada ya nyingine kabla jibu letu halijawasilishwa.