Kimea cha Bibi

Mwaka 1985, kijijini kwetu mkoani Iringa, mdogo wangu aliacha kucheka. Mimi nilikuwa na miaka 10, yeye mwaka mmoja na nusu. Mashavu na miguu ilikuwa imejaa, majirani wakimsifu kwa unene. Lakini mimi ndiye niliyembeba mgongoni mchana kutwa. Nilikuwa nikimbonyeza juu ya wayo kwa kidole gumba, shimo linabaki palepale kama kwenye unga uliokandwa. Nywele zake zilikuwa nyekundu kama ndevu za mahindi, ukizigusa zinanyofoka.

Bibi akatamka: "Huyu mtoto amebemendwa."

Asiyelijua neno hilo ashukuru. Maana yake wazazi wamekutana mtoto akiwa bado ananyonya, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa, ndiyo maana mtoto anadhoofu. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba, na kwa ajili ya mimba hiyo alikuwa amemwachisha mtoto ziwa. Watu walimtazama tumbo, wakanyamaza. Kwa aibu alikaa karibu miezi miwili bila kumpeleka popote. Neno hilo nalichukia mpaka leo.

Miaka ile serikali, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ilikuwa na mpango wa lishe Iringa, ulioanza 1983 katika vijiji 168. Kila miezi mitatu watoto walipimwa uzito kijijini. Siku ilipofika, Mama akaenda. Mtoto akaning'inizwa kwenye mizani, na alama kwenye kadi ikaangukia sehemu ya kijivu, haikufika nyekundu. Mama akashusha pumzi. Mhudumu wa afya akaubonyeza mguu, akalitazama lile shimo.

"Dada, huu si uzito, ni maji. Mtoto ana kwashakoo, ugonjwa wa utapiamlo. Kesho alfajiri mpeleke hospitali."

Niliandamana nao. Usiku na mchana, kila baada ya saa tatu, alipewa kikombe cha maziwa yaliyochanganywa na sukari na mafuta. Baada ya siku chache uzito ukashuka, Mama akalia kwa sauti wodini. Nesi akamkalia kando, akamweleza kwamba maji hutoka kwanza, nyama hufuata. Siku ya tisa mdogo wangu alininyang'anya kikombe mkononi.

Hatukuwa na njaa nyumbani. Kihenge kilikuwa kimejaa mahindi. Maharage tuliyauza. Mama alikuwa shambani tangu alfajiri mpaka jua linazama, na mtoto akila mara mbili kwa siku: ugali na majani, au uji mweupe niliopika mimi. Tumbo la umri ule ni dogo. Linajaa kabla mwili haujapata kitu.

Leo mdogo wangu ananifika begani, ilhali waliomfuata wote wamenipita. Shule aliimaliza kwa taabu kubwa. Siwezi kuapa kuwa chanzo ni kile, ila siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba mpaka miaka miwili, ndizo mwili na ubongo hujengwa kwa kasi, na kilichokosekana hapo ni vigumu kukifidia. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa wetu, unaolisha wengine mahindi! Nilipoisoma takwimu hiyo nilifunga gazeti nikakaa kimya muda mrefu.

Tuliporudi kutoka hospitali, mhudumu alikuja kutufundisha uji. Alitia unga wa mahindi na karanga zilizotwangwa, akaupika mzito hata mwiko unasimama. Mtoto alikula vijiko vitatu, akageuza uso. Mhudumu akauliza kama tuna kimea.

Tulikuwa nacho siku zote. Bibi alipika pombe. Ulezi wake uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa, ulikuwa kwenye chungu kando ya kitanda chake. Kikatiwa kijiko kimoja tu, na uji ukalegea mbele ya macho yetu, ukawa wa kunyweka, unga ukiwa uleule. Ukarudishwa motoni, ukapozwa. Mdogo wangu akanywa kikombe kizima.

Bibi alikuwa kwenye kigoda, hasemi. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na chungu chote, akakiweka miguuni pa Mama. Wiki ile hakupika pombe.