Dawa ya maskini

Mahari ya dada imepokelewa Jumamosi, matokeo ya muhula yametoka na nimefaulu masomo yote, lakini kinachonizunguka kichwani ni bibi mmoja wa Ujiji aliyekuja dirishani kuchukua dawa.

Cheti chake kilikuwa cha amoksilini, miligramu 500 kila baada ya saa nane, nimonia isiyo kali. Nikamhesabia kapsuli, nikaandika kwenye bahasha. Akaigeuzageuza, kisha akanitazama.

"Mwanangu, jirani yangu kachomwa seftriaksoni, sindano moja kwa siku, kapona. Mimi mara tatu. Hii ndiyo ya maskini, siyo?"

"Hapana, bibi."

"Mnasemaga hivyo hivyo."

Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo paliponiuma. Alishaamua kwamba kapewa cha chini, na kakubali.

Foleni ilikuwa imefika benchi la nje, lakini nilimweleza. Dawa hizi mbili ni za ukoo mmoja. Bakteria anapozaliana hujenga ukuta wake, nazo humzuia asiufunge. Zinachotofautiana ni kukaa mwilini. Amoksilini hupungua nusu kila baada ya saa moja hivi, figo zikiitoa kwenye mkojo. Seftriaksoni huchukua kama saa nane kupungua hivyo, kwa kuwa sehemu yake kubwa imeshikamana na protini za damu. Na dawa za ukoo huu hazitegemei wingi wa mara moja, zinategemea kudumu juu ya kiwango kinachomshinda bakteria. Nikamwambia ni ulinzi wa zamu: mlinzi huyu zamu yake fupi, ndiyo maana tunamleta mara tatu.

Usiku nikawa bado nabishana naye kitandani, mwenyewe hayupo. Mbona jentamisini, antibayotiki ya ukoo mwingine, ambayo kwa mwenye figo nzima hupungua nusu ndani ya saa mbili au tatu, mara nyingi tunaichoma mara moja kwa siku? Kwa sababu yenyewe inaua kwa kilele. Ikipanda juu inapiga, na hata ikishatoka bakteria waliobaki hubaki wamelegea kwa muda. Isitoshe, kuiacha ishuke kunazipa figo nafuu. Kwa hiyo kujua dawa inakaa muda gani hakutoshi, lazima ujue inauaje. Hapa ndipo ninapolipenda somo hili la dawa kupita kiasi.

Lile la umaskini nalo lina jibu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizigawa antibayotiki: za kuanza nazo, za kuangaliwa kwa jicho kali, na za akiba. Amoksilini iko kundi la kwanza, kwa kuwa inatibu magonjwa mengi ya kawaida na haichochei usugu wa vimelea kama zile za kundi la pili. Seftriaksoni iko kundi la pili. Ninaumia kila nikisikia mtu anaidai kwa mafua, "nichome ile kali", kisha siku mtoto ana homa ya uti wa mgongo tunaitegemea hiyo hiyo.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Saa sina. Nitafuata adhana. Alfajiri, adhuhuri, isha."

Nikapiga hesabu palepale. Kigoma jua linachelewa, adhuhuri inaingia karibu na saa saba mchana, isha saa mbili usiku na kitu. Nafasi ndefu kuliko zote ni ya isha mpaka alfajiri, haifiki saa kumi. Ni bora mara nyingi kuliko wanaomeza cha mwisho magharibi, halafu wanakuja kukumbuka kwenye chai ya saa nne.

"Alfajiri ninakuwa sijala."

"Hii haidai chakula, bibi."

Akacheka, akaifunga bahasha kwenye pindo la khanga. Nimefurahi mpaka leo! Sasa kila mgonjwa wa mara tatu namuuliza kwanza siku yake inakwendaje, ndipo niandike bahasha.

Jambo jingine: mama mdogo kaondoka bandari ya Kibirizi, hapa Kigoma, asubuhi na boti ya kwenda Kagunga, upepo umechafuka tangu mchana, na simu yake haipatikani. Mliozoea njia ile, mwenye namba ya nahodha yeyote anipe.