Siku ya Mapumziko Iwe Horombo, Isiwe Kibo

Ombi ninalolisikia mara kwa mara kutoka kwa wageni wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ni hili: kwa kuwa wamelipia siku moja ya ziada, je, si afadhali waitumie kupumzika Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, kwenye mwinuko wa mita 4,720, ambako ukingo wa kreta uko juu ya vichwa vyao, kuliko kuipoteza Horombo, kambi iliyo chini yake kwenye mita 3,720? Swali hilo lina mantiki ya msafiri wa barabarani, ambaye akilala karibu na aendako huamka akiwa na kazi ndogo. Nimezoea kulijibu kwa maneno machache njiani, huku muulizaji akihema, kwa hiyo leo nimeona nilijibu kwa kituo.

Kibo si mahali pa kupumzikia. Maji ya kupikia hubebwa na wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, kutoka chini, na nje ya mabweni hakuna cha kutazama ila changarawe na vumbi. Mgeni hufika alasiri, hupewa chakula mapema, hujilaza akiwa amevaa nusu ya nguo zake, na kabla ya saa sita usiku huamshwa aanze kupanda kuelekea Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, mita 5,685, na baadaye kilele cha Uhuru, mita 5,895. Katika saa hizo chache wengi hawapati usingizi wa maana. Ukikaa kimya bwenini utasikia pumzi ya mtu ikienda mbio, kisha ikakatika kwa sekunde kadhaa, kisha ikarudi kwa kishindo, na mwenye pumzi hiyo akashtuka akidhani anakabwa. Hajakabwa na mtu: kwa kupumua haraka amepunguza mno kaboni dayoksaidi katika damu yake, na ubongo, ambao hutegemea gesi hiyo kuamrisha pumzi, hunyamaza kidogo kabla ya kuamrisha tena. Anayelala hivyo usiku mmoja huvumilia. Akiongezewa usiku wa pili, huanza safari ya kileleni akiwa amechoka zaidi kuliko alipofika.

Watu husema kwamba juu hakuna oksijeni, jambo ambalo si sahihi. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile asilimia 21, iwe Tanga ufukweni au Uhuru kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe, hata ukifika Uhuru kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni ambayo ungeipata pwani. Mwili hujibu kwanza kwa kupumua zaidi, lakini kupumua huko huifanya damu ipungukiwe na asidi, na ni kazi ya figo kurekebisha hali hiyo kwa kutoa kwenye mkojo baikaboneti, chumvi inayopunguza asidi, kazi inayochukua siku kadhaa. Ndiyo sababu mgeni anayenilalamikia kwamba usiku ametoka mara tatu kwenda chooni katika baridi ile, mimi humjibu kwamba hiyo ni habari njema. Chembe nyekundu za damu, ambazo wengi huzitaja kana kwamba huongezeka usiku mmoja, huhitaji majuma, na hakuna ratiba ya Kilimanjaro inayozisubiri.

Siku ya Horombo, basi, inazipa figo na mapafu nafasi ya kuuzoea mwinuko mahali ambapo mtu bado anaweza kula na kulala. Wala si siku ya kushinda kitandani. Asubuhi huwa tunapanda taratibu hadi kwenye miamba yenye mistari myeupe na myeusi inayoitwa Zebra Rocks, na wenye nguvu huendelea kuelekea tandiko la mlima, yaani uwanda wa juu, chini ya Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro. Tukishaonja mwinuko huo tunarudi kula chakula cha mchana na kulala pale pale tulipolala jana. Wanaopita njia ya Machame hufanya jambo hilo hilo wanapofika Lava Tower, mita 4,600 hivi, kisha wakashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000.

Mimi hupima mafanikio ya siku hiyo mezani kabla ya kupima kwa kile kifaa cha kidoleni kinachoonyesha kiwango cha oksijeni katika damu. Mgeni ambaye jioni ya kwanza aliisukuma kando supu ya tango, akasema anataka kulala tu, jioni ya pili mimi humwona amekaa na sinia la bisi mbele yake, akizichota kwa kiganja na kuuliza kama chai bado ipo. Kifaa nacho mara nyingi huonyesha namba iliyopanda kidogo, ingawa sijawahi kumruhusu mtu apande kwa ajili ya namba peke yake.

Wasioridhika na maelezo yangu, kiongozi wa Moshi, huwapa mifano ya Himalaya. Mwaka 1953, kabla ya jaribio la kileleni Everest, John Hunt, kiongozi wa msafara wa Waingereza, aliwashusha wapandaji wake kutoka kambi ya chini hadi Lobuje, kwenye mita 4,900 hivi, wakapumzike ndipo warudi kazini. Tarehe 29 Mei Hillary na Tenzing wakafika kileleni. Katika majira ya baridi ya 1960 na 1961, Griffith Pugh, mwanafiziolojia aliyekuwa katika msafara ule wa 1953, aliwaweka wanasayansi wenzake kwa miezi katika kibanda kilichojengwa kwenye mita 5,800. Walikuwa na chakula cha kutosha na mahali pa kulala penye joto, lakini waliendelea kupungua uzito. Kimo hicho kinakaribia sana kimo cha Uhuru. Huko mwili wa mtu haujengeki. Hujitafuna polepole, hata kama mwenyewe amekaa kitako.

Wapandaji wa Everest wa siku hizi wameushika utaratibu huo. Baada ya kupanda na kushuka kati ya kambi za juu, wengi huteremka hadi Pheriche au Dingboche, kwenye mita 4,300 hadi 4,400, au hata Namche, ambako hamu ya kula hurudi, wakisubiri upepo utulie katika mwezi wa Mei.

Mapumziko nayo yana kipimo. Kwa wenye muda napendekeza waanze na Meru, mita 4,566, kisha walale Arusha au Moshi usiku mmoja au mbili, wale ndizi na nyama, wafue nguo, ndipo waende Kilimanjaro. Mazoea waliyoyapata Meru hayapotei kwa siku mbili, lakini anayekwenda kwanza Zanzibar kwa wiki mbili atarudi akiwa kama hajapanda chochote.

Najua siku ya ziada ina gharama, kwa sababu ada za hifadhi hulipwa kwa siku na wagumu nao wanastahili ujira wao. Watanzania wenzangu wanaopanda Desemba kusherehekea sikukuu ya Uhuru wa nchi mara nyingi huikata siku hiyo kwanza. Kama lazima kitu kikatwe, ningekata picha, vyeti vya fremu na fulana za kikundi.

Jambo moja siku hiyo haiwezi kulifanya ni kutibu. Maumivu madogo ya kichwa yanayoisha kwa maji na usingizi ni ya kawaida, lakini anayeyumba anapotembea, anayesema maneno yasiyoeleweka, au anayekohoa na kukosa pumzi hata akiwa ameketi, hapumzishwi Horombo. Huyo hushushwa usiku huo huo hadi Mandara, kambi ya kwanza ya njia hii, mita 2,720, na asipopata nafuu hapo, hadi langoni.