Saa ya Montevideo inasoma Kiswahili

Saa kumi na moja alfajiri simu inaita. Nje giza totoro. Huku Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, Juni ni majira ya baridi, na jua halichomozi mpaka karibu saa mbili. Ni shemeji, yuko dukani Kariakoo.

"Shemeji, nimekuamsha?"

Kila siku anauliza, kila siku namjibu hapana, na koti nimelivaa juu ya nguo za kulalia. Namtunzia hesabu za duka la vipuri. Leo kuna ankara mbili zenye namba moja, na tunabishana nazo hadi chai yangu inapoa.

Uruguay iko nyuma ya Tanzania kwa saa 6 kamili, mwaka mzima. Kwa hiyo mshale mfupi wa saa ya ukutani hapa ukigota 5, Dar ni saa tano asubuhi. Ukigota 9, kwetu ni saa tisa alasiri. Hakuna kujumlisha wala kutoa. Huu ni mwezi wangu wa tatu hapa, na bado kila nikiitazama nacheka.

Saa sita mchana ya hapa shemeji anateremsha mlango wa duka, kwake jua linazama. Mimi ndiyo kwanza natoka.

Rambla, barabara ya ufukweni, ina kilomita zaidi ya 20, na sijaona mtu mwenye haraka. Maji wanayaita mto, Río de la Plata, ila ng'ambo huioni, na rangi yake ni chai ya maziwa. Karibu kila mtu ana chupa ya maji moto kwapani na kibuyu mkononi cha "mate", chai yao ya majani ya yerba. Mzee mmoja wa benchini hunikaribisha. Siku ya kwanza nilipopokea nikasema "gracias", akanipita mizunguko yote iliyofuata. Kumbe ukishukuru umesema umetosheka! Adabu ya kwetu iliniponza. Siku hizi nanyonya bombilla, mrija wao wa chuma, kimya, narudisha, nangoja zamu.

Mchana: mikate midogo ya siagi, inauzwa kwa kupimwa. Usingizi. Nguo hazikauki.

Saa moja usiku, mtaani Palermo, vijana wanawasha moto kando ya barabara na kuzielekezea ngoma ili ngozi zikaze. Ndogo ni chico, ya kati repique, kubwa piano. Ngoma hii, candombe, ni ya wajukuu wa Waafrika walioletwa utumwani, wengine kutoka Msumbiji, jirani zetu kabisa. Wanatembea taratibu, hatua fupi fupi, nami nyuma yao mitaa minne bila kujua naelekea wapi.

Saa tano usiku nimeshajifunika blanketi mbili. Mshale uko 11. Kwetu saa kumi na moja alfajiri, mama ameamka kwa ajili ya swala.

"Hujalala, mwanangu?"

"Bado. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lala, shemeji yako atakusumbua."