Kisiondoke kinywani mwako

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii moyo umenihukumu na sitaki kuficha. Jumatatu nilipanga nisome Zaburi ya 119 yote, mistari 176, nikiwa kwenye basi la mwendokasi hapa Dar, Kimara kwenda Kivukoni, na siti nilipata, nikafungua Biblia ya kwenye simu. Kufika mstari wa 9 ikaingia meseji ya grupu la kikoba, nikasema ngoja nijibu fasta, kutoka hapo status za watu, kutoka status nikaingia kwenye vivideo vya mapishi, nashtuka tunafika Kivukoni na Zaburi iko pale pale kwenye "jinsi gani kijana aisafishe njia yake". Niliumia.

Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Gloria Mark, amepima kwa miaka watu wanakaa muda gani kwenye skrini moja ya kompyuta kabla ya kuhamia nyingine. Mwaka 2004 ilikuwa kama dakika 2 na nusu, miaka ya karibuni kama sekunde 47. Zaburi ya 23 ukiisoma taratibu haijaisha hapo!

Sasa nikamkumbuka yule towashi wa Kushi kwenye Matendo 8. Yuko njiani kuelekea Gaza, gari linatikisika, jua la jangwani, na bado anasoma Isaya. Tena mhubiri Filipo aliyelikimbilia gari lake ALIMSIKIA anasoma, maana yake alikuwa anasoma kwa sauti jamani! Na Yoshua aliambiwa kitabu hiki cha torati kisiondoke kinywani mwako, hakuambiwa machoni. Hilo neno kutafakari, kwa Kiebrania hagah, lina maana ya kunong'ona, kutamka chini chini. Ndugu yangu, Neno tumelihamishia kwenye kidole gumba. Jumapili mhubiri anasema tufungue Isaya, unafungua simu, na dakika mbili baadaye Isaya haupo naye, uko na bei za viatu Kariakoo. Nakusema wewe na najisema mimi. Tuache, tafadhali, tunakufa njaa huku chakula kiko mkononi.

Alhamisi jioni simu niliiacha chumbani, nikatoa Biblia ya marehemu mama, ile ina alama zake za penseli, nikakaa na kigoda pembeni ya jiko la mkaa nikaanza Isaya 53 kwa sauti. Mistari 12 tu. Mwanzoni mkono ulikuwa unaitafuta simu wenyewe, nikaendelea kusoma. Mwanangu wa darasa la nne akaja akakaa chini bila kuitwa. Nilipofika "alichubuliwa kwa maovu yetu" akanikatisha, "Mama, kuchubuliwa ndo nini?" Kabla sijajibu akapandisha sketi kidogo akanionyesha goti, alianguka shuleni Jumanne, kidonda hakijakauka vizuri.

"Kama hivi?"

Nikamwambia ndiyo mwanangu, ila mwili mzima. Akanyamaza, kisha akasema soma tena hapo.