Churchill hakusema "never give up"

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hapa Tanga wanaipenda sana "never give up" ya Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wengine wameiandika kwenye majalada ya madaftari. Lakini tarehe 29 Oktoba 1941, alipokwenda Harrow, shule aliyosoma mwenyewe, aliwaambia vijana "never give in", akakariri hilo "never" mpaka likawaingia. Kwa mwalimu wa Kiingereza hiyo si tofauti ndogo.

Aliye-"give up" ameacha. Ameacha sigara, au amekata tamaa na hesabu akiwa peke yake chumbani, wala hakuna aliyemsukuma. "Give in" haikamiliki bila wa pili. Lazima awepo anayekubana: adui, mwajiri, mtoto anayelilia pipi dukani, hata usingizi. Umevutana naye weee, mwisho ukakubali yaishe. Ukitaka kumtaja huyo aliyekushinda, weka "to": "She gave in to her son." Usipomtaja, sentensi inasimama vilevile: "At last he gave in."

Sasa rudi Uingereza ya wakati ule. Ufaransa ilikuwa imesalimu amri Juni 1940. London ilikuwa imepigwa mabomu kuanzia Septemba mwaka huo hadi Mei 1941. Aliyekuwa anawabana Waingereza alikuwa na jina, Hitler, na jeshi lake lilikuwa ng'ambo ya mlango wa bahari. Kuwaambia watu wasikate tamaa kusingetosha; ilibidi waambiwe wasimpigie magoti mtu fulani. Tena siku hiyohiyo, ubeti ulioongezwa kwenye wimbo wa shule kwa heshima yake ulikuwa na neno "darker", siku za giza, naye akaomba liwe "sterner", siku ngumu. Mtu anayepima maneno namna hiyo hakuokota "in" njiani.

Na kuna kipande ambacho wapenda nukuu hukikata, nami nakiona ndicho bora kuliko vyote: "except to convictions of honour and good sense". Yaani usisalimu amri, ila kwa yale ambayo heshima na busara zimekuthibitishia. Itazame hiyo "to". Bado iko palepale, ila safari hii anayekushinda ni dhamiri yako, na kushindwa naye ni halali.

Kwa tafsiri, "kusalimu amri" nawaachia vita na siasa. Mama wa mtoto wa pipi amekubali yaishe, basi.

Kuna "give in" nyingine isiyohusu kushindwa kabisa, na kwenye mitihani huwachanganya wengi: "Give in your essays by Friday", kabidhini insha. Waingereza huitumia sana shuleni. Wamarekani wangesema "turn in". Hapa angalia kama kuna kitu kinachotoka mkononi. Insha inatoka, kwa hiyo unaweza hata kuipachika katikati: "Give them in."